Kitabu cha kwanza cha sataranji: namna ya kukichagua na kukisoma mpaka kiishe

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki: "Kaka, nimeshajua kete zinavyotembea, sasa ninunue kitabu gani?" Baada ya mwezi mtu yule yule anarudi: "Kaka, nimepakua vitabu arobaini, nianze na kipi?" Hapo kazi imekuwa ngumu zaidi, maana mara ya kwanza pesa yake ilikuwa bado mfukoni na kichwa hakijavurugwa.

Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Mwongozo huu ni wa anayejua sheria za mchezo tayari lakini bado analiwa kete bure na hajui kwa nini. Nitasema mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Najua wapo wanaomwita askari kitunda na askofu tembo. Haidhuru, tutaelewana.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ubao na kete za kushika mkononi. Kama huna, chora miraba 64 kwenye boksi la katoni, ukusanye vizibo 32 vya soda na kuviandika herufi kwa makapeni. Wacheza drafti wamefanya hivyo miaka yote na hakuna aliyekufa. Simu iache kwa ajili ya kucheza na watu. Ukisomea kitabu kwenye simu, kidole kitakimbilia kubonyeza jibu kabla akili haijafika.
- Daftari la shule na penseli.
- Kipande cha karatasi ngumu cha kufunikia majibu.
- Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Saa tano za Jumapili peke yake hazitoshi kuziba pengo la wiki nzima.
- Kiingereza cha kubahatisha. Vitabu karibu vyote utakavyopata vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini maneno yenyewe ni machache na yanajirudia. Ukikuta "fork", ni uma: kete moja inayotishia mbili kwa mpigo. "Pin" ni kete iliyobanwa, haiwezi kusogea bila kuacha wazi kubwa iliyo nyuma yake. "Skewer" ni mshikaki: kubwa iko mbele, ikikimbia, ya nyuma inaliwa. Yaandike kwenye jalada la ndani la daftari uyamalize siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Jifunze kusoma hatua zilizoandikwa

Hapa ndipo wengi wanapokimbilia mbele, halafu wanasema kitabu kigumu. Kaa upande wa nyeupe. Safu zinazokwenda mbele zina herufi a mpaka h kutoka kushoto. Mistari ya kukatiza ina namba 1 mpaka 8 kutoka kwako kwenda kwa mpinzani. Kila mraba una jina moja tu, awe anacheza mweupe au mweusi.

Kete zina herufi za Kiingereza: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Farasi amepewa N kwa sababu K imeshachukuliwa na mfalme. Askari hana herufi, ukiona "e4" jua ni askari aliyekwenda e4. Alama ya x ni kula, + ni cheki, # ni chekimeti. O-O ni mfalme na ngome kuhama pamoja upande mfupi, O-O-O upande mrefu. Alama ya mshangao maana yake hatua nzuri, ya kuuliza maana yake hatua mbovu.

Sasa onyo kwa wanunuzi wa vitabu vya mitumba. Ukifungua kitabu ukakuta P-K4 na Kt-KB3, huo ni uandishi wa zamani wa Waingereza na Wamarekani, ambao kila mchezaji anahesabu kutoka upande wake. P-K4 ya mweupe inatua e4, P-K4 ya mweusi inatua e5. Mraba mmoja una majina mawili. FIDE, shirikisho la dunia, liliacha kuutambua mwaka 1981, lakini vitabu vyenyewe havikufa. Vimejaa kwenye meza za wauza vitabu kando ya barabara. Kama kitabu chako cha kwanza ni cha namna hiyo, kirudishe mezani. Usijifunze lugha mbili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 2: Jipime bila kujidanganya

Jibu maswali matatu. Ukibaki na mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu, unaweza kumaliza bila kuhesabiwa sare? Katika michezo yako kumi ya mwisho, ni mingapi uliliwa kete nzima bure? Ukionyeshwa picha yenye chekimeti ya hatua moja, unaiona ndani ya nusu dakika?

Kama umekwama kwenye moja kati ya hayo, bado hujafika kwenye vitabu vya mikakati, na vya ufunguzi ndiyo kabisa. Mimi nilipofika hapo nilijiona mkubwa. Nikanunua kwa muuza mitumba kitabu kinene cha ufunguzi wa Sicilian, nikakariri hatua kumi na mbili za kwanza. Mpinzani wangu wa mtaani, fundi viatu, hakuwa ameisoma hiyo Sicilian. Hatua ya tatu alicheza kitu ambacho hakikuwa kitabuni, hatua ya kumi na tano malkia wangu akaliwa na farasi. Kitabu kile mpaka leo kinazuia mlango usijifunge.

Hatua ya 3: Chagua vitabu viwili tu

Kimoja cha mafumbo, kimoja cha maelezo. Nitataja ninavyovijua, wewe uchague kimoja kila upande.

Kwa mafumbo, ukiwa mchanga kabisa, tafuta Bobby Fischer Teaches Chess, kilichotoka 1966. Fischer alikiandika pamoja na Stuart Margulies na Donn Mosenfelder. Hakidai ujue kusoma hatua: unaonyeshwa picha, unaulizwa swali, unafungua ukurasa kuona jibu. Karibu chote kinahusu kumkamata mfalme, hasa yule aliyefungiwa kwenye mstari wa nyuma na askari wake mwenyewe. Jambo la kuchekesha: kurasa za kushoto zimechapwa juu chini. Si kosa la mtambo. Unasoma za kulia mpaka mwisho, unageuza kitabu, unarudi. Usikubali mtu akuuzie kwa madai kwamba ni toleo la ajabu, na usikiache ukidhani kimeharibika.

Ukiona hicho ni chepesi, kuna tofali la László Polgár, yule baba wa Hungaria aliyewalea Susan, Sofia na Judit kwenye sataranji. Kitabu kilitoka 1994 na jina lake linataja idadi yenyewe: 5334. Usitishike. Mafumbo 306 ya kwanza ni chekimeti ya hatua moja. Yanayofuata 3412 ni ya hatua mbili. Kwa mwaka wako wa kwanza, hizo 306 na mia chache za mwanzo wa hatua mbili zinatosha kabisa. Tofali lililobaki litakusubiri, haliozi.

Kwa maelezo, napendelea Logical Chess: Move by Move cha Irving Chernev, cha 1957. Kina michezo 33, na kila hatua imeelezwa, hata ile ya kwanza kabisa. Chernev hakuwa grandmasta, yaani mchezaji wa cheo cha juu kabisa. Alikuwa mpenzi wa mchezo aliyejua kueleza, na kwa anayeanza hilo lina faida zaidi. Wengine wanalalamika kwamba anarudia rudia. Kwa kweli anarudia, na mwanafunzi anahitaji hivyo. Hakikisha unachukua toleo jipya lenye e4, si la zamani lenye P-K4.

Kama huna pesa, Chess Fundamentals cha José Raúl Capablanca kinapatikana bure na kihalali kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Kilitoka 1921, mwaka ule ule aliomvua Emanuel Lasker ubingwa wa dunia huko Havana. Anaanza na mwisho wa mchezo, kumkamata mfalme kwa kete chache, na hapo ana akili sana: kete zikiwa chache unaona kila moja inafanya nini. Ubaya ni kwamba nakala hiyo ya bure imeandikwa kwa uandishi wa zamani. Ukiwa na subira, andika upya kurasa kumi za kwanza kwa uandishi wa sasa kwenye daftari lako. Kazi ya mkono, lakini utazishika.

Vya kuacha kwa sasa: My System cha Nimzowitsch, cha 1925, ambacho kila mtu mtandaoni anakutajia, na kitabu cha mwisho wa mchezo cha Mark Dvoretsky. Vyote ni vizuri. Ni vya baadaye. Na kitabu cha Tim Crothers kuhusu mcheza sataranji Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, kilichotoka 2012 kisha kikawa filamu 2016, kisome kwa kujitia moyo. Hakitakuonyesha namna ya kumlinda malkia.

Hatua ya 4: Kipime kitabu kabla ya kutoa pesa

Fungua katikati, si mwanzoni, maana mwanzo wa kila kitabu ni mtamu. Chagua picha kumi bila kubagua. Ipe kila moja dakika moja. Ukipata sita mpaka nane, kinakufaa. Ukipata zote, kitakupotezea muda. Ukipata mbili, kitakuvunja moyo, hata kama kimeandikwa na bingwa wa dunia.

Angalia pia picha zenyewe. Ukurasa uliojaa hatua ishirini mfululizo bila picha haukufai bado. Kama ni nakala ya kutoa fotokopi, hakikisha miraba myeusi haijameza kete nyeusi. Nimeona nakala ambazo askari na askofu huwezi kuwatofautisha, na mwenye duka anasema "inasomeka, bosi".

Hatua ya 5: Soma mafumbo kwa mkono, si kwa macho

1. Panga kete ubaoni kama zilivyo kwenye picha. Usitazame tu kitabu.
2. Funika jibu kwa ile karatasi ngumu.
3. Tafuta kwa mpangilio huu: kwanza hatua zote za cheki, kisha zote za kula, kisha zote za kutishia. Usianze na ile inayokupendeza.
4. Usiguse kete. Hesabu kichwani mpaka mwisho, pamoja na jibu bora la mpinzani.
5. Andika jibu lako kwenye daftari. Ukiacha kuandika, ukifunua utajiambia "nilikuwa nimeshaiona". Hukuiona.
6. Dakika tano zikipita bila kitu, funua, elewa, weka alama ya X pembeni kwa penseli.

Mafumbo kumi kwa siku yanatosha. Ukimaliza sehemu, rudi kwenye X zote baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi. Raundi ya pili itakwenda haraka na utaona aibu kidogo. Hiyo aibu ni dalili nzuri.

Hatua ya 6: Soma mchezo mzima kwa kubahatisha hatua inayofuata

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo tuifanye pamoja hapa hapa. Panga ubao. Mchezo ni wa Paris, 1858. Paul Morphy, kijana wa New Orleans, alialikwa opera na mwenyeji akamlazimisha kucheza. Wapinzani wake ni wawili wanaoshauriana, Duke wa Brunswick na Count Isouard. Morphy ni mweupe.

1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.d4 Bg4 4.dxe5 Bxf3 5.Qxf3 dxe5 6.Bc4 Nf6

Simama. Malkia na askofu wa mweupe wote wanaelekea upande wa mfalme mweusi. Bahatisha hatua ya saba, iandike, kisha endelea.

7.Qb3 Qe7

Malkia alitishia vitu viwili, b7 na f7. Mweusi amelinda f7 tu. Sasa wengi wetu tungekula b7 mbio mbio. Kwa nini Morphy hakula? Tafuta jibu la mweusi kabla ya kusoma mbele. Ni Qb4+, na baada ya hapo malkia wote wanaondoka ubaoni na moto unazimika. Mweupe angebaki na faida, lakini kwa mwendo wa konokono.

8.Nc3 c6 9.Bg5 b5

Simama tena. Askofu wa c4 ametishiwa. Hesabu kete zilizotoka nyumbani kila upande. Mweupe ana malkia, maaskofu wawili na farasi. Mweusi ana farasi mmoja, tena amebanwa na askofu wa g5, na malkia aliyemziba askofu wake mwenyewe. Mwenye watu wengi uwanjani anafanya nini? Anafungua njia.

10.Nxb5 cxb5 11.Bxb5+ Nbd7 12.O-O-O Rd8 13.Rxd7 Rxd7 14.Rd1 Qe6 15.Bxd7+ Nxd7

Hapa ndipo funika kila kitu na ukae dakika kumi. Mweupe anatoa kete kubwa kuliko zote na kumaliza kwa hatua mbili.

16.Qb8+ Nxb8 17.Rd8#

Angalia ubao wa mwisho. Askofu wa f8 na ngome ya h8 wa mweusi hawajasogea tangu mchezo uanze. Mweupe ana ngome moja na askofu mmoja waliofanya kazi, wengine wote amewagawa.

Ulibahatisha ngapi? Andika idadi. Mchezo mmoja wa namna hii kwa saa nzima una faida kuliko michezo ishirini ya kupitisha macho. Fanya hivyo na michezo 33 ya Chernev, miwili kwa wiki, nawe una kazi ya miezi minne.

Hatua ya 7: Tenga siku moja kwa mwisho wa mchezo

Mambo matatu tu kwa sasa: kumkamata mfalme kwa ngome moja, mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu, na kujua kama mfalme atamwahi askari anayekimbilia kugeuka malkia. Mawili ya kwanza Capablanca anayo mwanzoni. Ukitaka kitabu cha kukaa nacho miaka, cha Jeremy Silman cha 2007 kimepangwa kwa viwango vya wachezaji: unasoma sehemu ya kiwango chako, unakifunga, unarudi ukipanda. Mwandishi mwenyewe anakwambia usiendelee, na mimi namuunga mkono.

Hatua ya 8: Cheza, kisha urudi kitabuni

Kwa kila saa mbili za kitabu, cheza angalau saa moja, michezo ya dakika 15 au zaidi kwa kila mtu. Andika hatua zako. Mchezo ukiisha, tafuta mahali ulipoharibu wewe mwenyewe kwanza, ndipo uwashe kompyuta. Lichess, tovuti ya sataranji, inakuchambulia bure. Kosa likijirudia mara tatu, mfano farasi kukupiga malkia na ngome kwa mpigo, rudi kwenye sura ya uma.

Mambo yakikwama

"Ubao wangu haufanani na wa kitabu." Kwanza angalia kama ulipanga vizuri: mraba wa mkono wako wa kulia karibu nawe uwe mweupe, na malkia mweupe akae mraba mweupe. Ukiona wako sawa, rudi utafute hatua ambapo farasi wawili au ngome mbili zinaweza kwenda mraba mmoja. Nbd7 kwenye mchezo wa Morphy ni farasi wa safu ya b, si yule wa f6. Hapo ndipo wengi hupotea. Likishindikana hilo, huenda ni kosa la uchapaji. Linganisha na picha inayofuata na uendelee.

"Kompyuta inasema kitabu kimekosea." Inawezekana kabisa. Chernev na Capablanca waliandika bila kompyuta, na baadhi ya hukumu zao hazikusimama. Weka nukta pembeni, uendelee. Kwa kiwango chetu, wazo wanalolifundisha bado linaua.

"Nasoma mwezi mzima na bado nafungwa." Tazama unafungwaje. Kama unaliwa kete bure, tatizo ni mwendo, si kitabu. Kabla ya kila hatua jiulize: akicheza cheki au kula, nitajibu nini? Kaa juu ya mikono yako kama ni lazima.

"Nasahau nilichosoma." Una vitabu vingapi wazi mezani? Vikizidi viwili, funga vingine.

"Kiingereza kinanichosha." Basi baki na mafumbo. Picha hazina lugha, na nusu ya tofali la Polgár haihitaji kusoma neno hata moja.

"Sina wa kucheza naye." Mfundishe mcheza drafti wa karibu. Anajua tayari kuhesabu mbele, na kulazimisha mpinzani ale. Atakufunga ndani ya miezi mitatu, halafu mtakuwa na kitabu kimoja na watu wawili wa kugombania.

"Nimekimaliza, ninunue kipi?" Rudi ukurasa wa kwanza wa mafumbo, ufanye hamsini kwa mkupuo ukiwa na saa mkononi. Ukikosa zaidi ya matano, bado hujakimaliza.